Matundu Manne

Saa nane mchana, Nkuhungu. Bati linaalika.
Upepo umezoa vumbi la viwanja vinavyopimwa,
umelileta mpaka mezani, kati ya herufi za kibodi.
Ninachora nyumba ambazo kwa sasa ni vigingi vinne tu.
Mzee Chilongani anataka aione sebule yake leo:
pazia, jua juu ya vigae, na gari ambalo hajanunua.
Ikifika nyuzi tisini na nne, skrini inaganda,
dirisha limebaki nusu,
na mimi nampigia tena simu kumwambia kesho.

Nikaifungua kadi ya picha kwa bisibisi ya cherehani ya mama.
Feni mbili: moja imekufa, nyingine inakohoa.
Ndani ya mapezi ya alumini vumbi limeshikamana
kama ukoko wa ugali uliosahauliwa motoni.
Grisi imekauka, imekuwa chaki.

Barabara ya Saba, duka la Sirili.
Vipoza vimetundikwa misumarini kwa nyaya zao wenyewe.
"Hiki kinaingia, dada. Jina ni lile lile, tazama boksi."

Nilishawahi kununua jina.
Liko kabatini hadi leo, zuri, lina taa za bluu,
halijapoza hata chai.

Nikatoa rula ya shule ya Nyemo, iliyotafunwa pembeni,
na karatasi niliyoilazia kadi nikaizungushia penseli.
Tundu hadi tundu: milimita hamsini na nane.
Chake: hamsini na tatu.
Sirili akacheka. "Milimita tano! Si upana wa kucha tu?"
Kucha haishiki skrubu, nikamwambia.
Kufanana si kufaa.

Cha pili, matundu yalikubali, bomba likakataa:
lingegonga kondensa moja fupi, nyeusi,
iliyosimama pembeni kama mgambo.
Cha tatu, shaba tupu, kinameremeta, moyo ukaenda.
Unene wake nafasi tatu. Kasha langu lina mbili
na ukuta.
Nikakirudisha polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Cha nne kilikuwa chini ya kaunta, rangi ya moshi,
yatima wa mashine ya kahawa-intaneti iliyofungwa.
Hamsini na nane. Waya wa pini nne.
Nafasi mbili na kidogo; hicho kidogo nikakitia akilini.
Nilipima mara tatu, kama ninayehesabu hela za mwenzangu.
"Dada, hicho hata mimi sijui ni cha nini."
Ndiyo maana ni elfu thelathini na tano, Sirili.

Usiku nikafuta uso wa chipu kwa spiriti mpaka ukanitazama.
Grisi, punje mbili za mtama, si zaidi.
Skrubu kwa mshazari, robo mzunguko, robo tena,
kama nati za gurudumu.
Chipu za kumbukumbu zilibaki nje, kipoza hakizifikii,
basi nikakata mapezi ya kile cha zamani,
nikazivika moja moja.
Mfuniko wa kasha ukagoma, unene wa kidole:
ndicho kile kidogo.
Nikafunga kipande cha chandarua kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Vumbi lije, lipige hodi huko huko.

Nyuzi sitini na nane.
Sebule ikaja yote, pazia, vigae, gari la kuwaza,
na lile dirisha, pana, kioo kitupu, limeelekea magharibi.
Mwezi mzima nimelichora bila kulipima.
Saa nane mchana mzee wa watu ataivia humo ndani.

Nikalifuta.
Nikalihamishia mashariki, upepo unakotokea,
nikaongeza upenu wa sentimita tisini.
Asubuhi ataniuliza liko wapi dirisha lake,
lile lililo kama la jirani yake wa Ilazo.
Rula nimeiacha mezani.
Nyemo ameamka, anaitafuta.